Kutoka filamu hadi CTS: shajara ya karakana ya fulana, Moshi

7 Septemba 2024: Tunapoanzia

Karakana yetu iko Majengo, Moshi. Tunachapa fulana za kampuni zinazopandisha wageni mlimani, za shule, za kwaya, za harusi na za vikundi vya mbio. Tuko watano, na meza yetu ni ya mikono, rangi sita, vituo vinne. Naanza kuandika haya leo kwa sababu tunataka kuachana na filamu, yaani karatasi ya kupitisha mwanga yenye picha ya kuchomea skrini, na kuhamia kwenye mashine inayochora picha moja kwa moja kutoka kompyuta juu ya skrini yenyewe, ile fremu yenye meshi ambayo rangi hupitishwa hadi kwenye fulana. Mafundi wanaiita CTS. Kila hatua ikiisha nitaongeza maelezo: tulichojaribu, kilichoharibika, na pesa iliyotoka.

Kazi iliyotusukuma ni fulana ya mlima. Mteja analeta picha ya Kibo alfajiri. Theluji inafifia taratibu mpaka inakuwa mawe ya kijivu, Mawenzi iko pembeni, na chini pameandikwa mita 5,895. Kule kufifia kunatengenezwa kwa nukta ndogo ndogo, na nukta hizo ndizo zinazotushinda. Tunatoa picha kwa printa ya leza kwenye karatasi ya treisi. Weusi wake ukiuinua kwenye mwanga unaonekana kama chai ya rangi, kwa hiyo mwanga wa UV unapenya hata pale usipotakiwa. Ili nukta zisizibe, baba mdogo, ambaye ndiye anayechoma skrini, analazimika kupunguza muda wa taa. Matokeo yake emulsheni, ile dawa inayopakwa kwenye skrini na kukomazwa na mwanga, inakuwa ngumu juu tu, ndani bado mbichi. Ukifika fulana ya 300 inaanza kumomonyoka. Mwezi Agosti tulichoma skrini 46, na 11 kati ya hizo tulizirudia.

Kazi ya rangi tano inatuchukua saa moja na nusu kuzipanga zikae sawa mezani, maana kila filamu imebandikwa kwa jicho na selotepu.

Baba mdogo alianza kazi hii enzi za kuchoma kwa jua. Ulitoka uani na fremu, filamu na kioo, ukahesabu kimoyomoyo, ukarudi ndani mbio. Nilipomweleza mpango huu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine inapaka emulsheni yenyewe?" Nikamjibu, "Hapana, baba." Akasema, "Basi tuifuate."

19 Oktoba 2024: Printa ya kujitengenezea imekufa

Tulijaribu njia ya bei nafuu. Tulinunua printa ya wino ya A3 kwa 650,000, tukaifungua, tukainua kichwa, tukaweka reli na mota ili skrini ipite chini yake. Vipuri vilikula 470,000. Iliweza kuchora mstari ulionyooka kwa sentimita kumi za kwanza, kisha picha ikawa inarefuka, kwa sababu mota yetu na mota ya printa hazikwenda kwa mwendo mmoja. Tuliirekebisha wiki tatu. Najua wapo waliofanikiwa kwa njia hii, lakini wana ujuzi wa elektroniki ambao sisi hatuna. Jumla iliyopotea ni 1,120,000.

23 Novemba 2024: Mashine imefika

Nimenunua CTS iliyotumika, kutoka karakana kubwa ya Dar es Salaam iliyokuwa inabadilisha vifaa. Bei ni 17,500,000. Kati ya hizo milioni 12 ni mkopo wa SACCOS, nyingine ni akiba yetu. Usafiri na kreti ya mbao 420,000. Fundi aliyekuja kuifunga na kutufundisha kwa siku mbili, 500,000 pamoja na malazi.

Kwa ambaye hajaiona: skrini iliyopakwa emulsheni na kukauka inalazwa mashineni, ikiegemea vizuizi vitatu. Kichwa kinapita juu yake bila kuigusa, kikirusha wino mweusi wa maji unaozuia UV, na picha inakaa juu ya emulsheni yenyewe. Ukipeleka skrini kwenye taa, penye wino emulsheni inabaki laini, pasipo na wino inakuwa ngumu. Ukiosha kwa maji, wino na ile sehemu laini vinatoka pamoja. Hakuna filamu, na hakuna kioo wala pampu ya kunyonya hewa, kwa sababu hakuna cha kubana. Zipo CTS zinazotumia nta iliyoyeyushwa badala ya wino, na zipo zinazochoma emulsheni kwa leza bila kuweka wino kabisa, lakini bei yake hatukuifikia.

Siku ya kwanza tulichora nembo ya shule, mistari minene mitupu, ikatoka safi. Fundi alipanda basi akiwa ametuacha na furaha kubwa.

14 Desemba 2024: Fremu

Kichwa cha mashine kinapita kama milimita mbili juu ya skrini. Fremu zetu 40 ni za mbao, na mbao inayolowa kila siku haibaki imenyooka. Skrini ya tatu ilikuwa na kona iliyonyanyuka. Kichwa kikaikwaruza, na sauti ile sitaisahau. Niliizima mashine kwa mkono unaotetemeka, kwa sababu kichwa kipya ni zaidi ya milioni 1.4. Kilipona. Tangu siku hiyo fremu ya mbao haiingii humo.

Fremu ya aluminiamu kutoka Dar yenye meshi tuliambiwa 110,000. Nikaenda kwa fundi wa madirisha wa hapa hapa Moshi, akatutengenezea sita kwa 38,000 kila moja, na meshi ikatugharimu 23,000 kwa fremu. Tukavuta meshi hadi mkazo wa newtoni 22 kwa sentimita. Asubuhi yake kipimo kikasoma 14. Nilipoweka rula pembeni ya fremu nikaona pengo la milimita nne katikati: pande zote zilikuwa zimeingia ndani kama upinde. Kosa ni langu. Fundi aliniuliza kama bomba la dirisha litatosha, mimi nikasema litatosha ili bei ishuke. Fremu sita na meshi yake, 366,000, tumeziweka kando.

Zilizofaa ni za bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye ukuta wa milimita 3, zilizochomelewa kwa gesi ya argoni. Kila moja pamoja na meshi ni 85,000, na tumetengeneza 24: kumi na mbili za 43T (yaani nyuzi 43 kwa sentimita) kwa nembo na maandishi, sita za 77T, na sita za 120T kwa picha za nukta. Kuna jambo jingine ambalo hatukulijua. Meshi mpya ikivutwa hulegea yenyewe saa za mwanzo, hata fremu ikiwa imara. Sasa tunavuta hadi 25, tunaiacha usiku kucha, tunavuta tena, ndipo tunaweka gundi. Inatulia kwenye 21 au 22. Kipimo cha mkazo kilitugharimu 390,000. Ukikosa vyote, usikose hicho, maana skrini iliyolegea inabonyea katikati na nukta za pale zinatoka na ukungu, na utabaki unailaumu mashine.

11 Januari 2025: Wino unajikusanya, na taa

Picha ya kwanza ya mlima ilitoka mbaya kuliko ya treisi. Wino haukukaa mahali ulipodondoshwa. Ulijikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la gimbi, na theluji ya Kibo ikawa na madoa.

Kwanza tukapunguza wino kutoka asilimia 100 hadi 70. Matone yakapungua, lakini weusi nao ukapungua, tukarudi kwenye tatizo la treisi. Kisha mdogo wangu akapendekeza tufute uso wa emulsheni kwa kitambaa chenye unyevu ili uwe na ukwaru. Mtu asirudie hilo. Emulsheni ambayo haijachomwa inayeyuka kwa maji, na tuliharibu skrini mbili kabla ya kukubali. Sababu halisi ilikuwa emulsheni yenyewe. Ile ya zamani ya diazo ikikauka inang'aa kama kioo. Tumehamia kwenye emulsheni ya SBQ inayokauka bila kung'aa, iliyotengenezwa kwa ajili ya CTS. Lita moja ni 145,000, wakati ile ya zamani ni 60,000. Inauma, lakini wino unatua na kutulia. Tunapaka mkono mmoja upande wa fulana, kisha mmoja upande wa skwiji, ule mpira wa kusukumia rangi, na tunaikausha upande wa fulana ukiwa chini ili emulsheni ishuke huko na uso wake uwe sawa.

Halafu tukaharibu upande wa taa. Baba mdogo alichoma kwa dakika nne zake za siku zote, na nukta zote ndogo zikaziba. Hakukosea kazi yake. Mambo matatu yalikuwa yamebadilika kwa pamoja: hakuna kioo, hakuna karatasi, na emulsheni ya SBQ inaiva haraka sana kuliko diazo. Tukapima upya: skrini moja, picha moja iliyojirudia mara kumi, kadibodi juu, na kila sekunde kumi tunaisogeza kufunua sehemu nyingine. Taa zetu ni za LED za UV. Kwa 43T muda sahihi ukawa sekunde 55, kwa 120T sekunde 40, kwa sababu juu ya 120T emulsheni inakaa nyembamba zaidi. Unajua imeiva kwa kupitisha kidole upande wa skwiji wakati wa kuosha: isiteleze kama bamia.

Meshi nyeupe nayo hutawanya mwanga pembeni kupitia nyuzi zake, ikila kingo za nukta. Zile sita za 120T tumeamua zikichakaa tuweke meshi ya njano, ambayo haitawanyi hivyo. Itahitaji sekunde zaidi, tutapima tena.

Faida niliiona kwenye kazi ya wiki hii. Kwa kuwa weusi wa wino ni weusi kweli, hatulazimiki tena kuchoma nusu nusu. Skrini moja ya nembo imemaliza fulana 1,150 bila kumomonyoka hata kona. Baba mdogo aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akaigeuza, akaniita nije nitazame.

28 Januari 2025: Umeme

Jumamosi ya tarehe 25 jioni tuliacha mashine ikimalizia skrini ya mwisho huku tukifunga. Umeme ukakatika. UPS yetu ilikuwa ile ndogo ya kompyuta ya ofisini, ikashikilia dakika chache ikaisha. Kichwa kikabaki katikati ya njia, nje ya kifuniko chake, hadi Jumatatu asubuhi. Wino ulikuwa umekauka kwenye matundu, na karatasi ya majaribio ilionyesha 31 yamekufa.

Nikafanya kosa la pili juu ya la kwanza. Niliendesha usafishaji wa mashine mara nane mfululizo nikidhani nguvu ndiyo dawa. Nilichofanya ni kumwaga wino na kuvuta hewa ndani ya mirija. Rafiki mmoja wa Arusha anayechapa mabango aliniambia kwa simu, "Kaka, acha kuisukuma. Iloweshe." Tukaweka kitambaa kisicho na nyuzi chini ya kichwa, tukakilowesha kwa kimiminika cha kusafishia, tukakiacha saa sita. Tukarudia usiku. Leo asubuhi yamebaki matundu manne. Hayo manne tunayafunika kwa kuongeza mapito ya kichwa kutoka manne hadi sita, ili tundu jingine lipite pale lililokufa lilipokosa. Skrini iliyokuwa dakika tatu sasa ni dakika nne na nusu, na hilo tunaweza kuishi nalo.

Wino na kimiminika vilivyopotea ni 240,000. UPS ya kweli ni 1,350,000 na stabilaiza 280,000, vitu ambavyo vilitakiwa kununuliwa siku moja na mashine. Kanuni mpya imebandikwa ukutani: umeme ukikatika, kabla ya tochi, kabla ya simu, rudisha kichwa kwenye kifuniko.

22 Februari 2025: Fulana za mbio

Mwisho wa Februari Moshi inajaa wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, na vikundi vinavyotoka mikoani vinataka fulana zao. Tulipata oda ya fulana 640, rangi tano, mlima mzima kifuani. Ndiyo kazi niliyoiwazia tangu Septemba.

Faida ya CTS kwenye kupanga rangi ni kwamba kila skrini inachorwa ikiwa imeegemea vizuizi vilevile vitatu. Ukiweka vizuizi vya namna hiyohiyo kwenye meza ya kuchapia, rangi zinatakiwa zikutane zenyewe. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kwa 150,000. Tulipoweka skrini tano, rangi zote zilihama kushoto hadi milimita moja na nusu, kila moja kwa kiasi chake. Nilikuwa nimepima vizuizi kwa futi ya kupimia, na futi haitoshi. Tulichofanya baadaye ni kuchora msalaba mmoja mwembamba kwenye skrini zote tano, mahali palepale, kisha kuzichapa moja baada ya nyingine na kusogeza vizuizi vya kila mkono wa meza unaobeba skrini mpaka misalaba mitano ikawa mmoja. Ilitumaliza siku nzima, lakini inafanywa mara moja tu.

Mkono wa nne ulikataa. Kila ukiushusha unatua pengine. Beringi zake zilikuwa zimekwisha, na kwa miaka tulikuwa tunazifidia kwa jicho bila kujua. Beringi nne mpya, 72,000.

Jambo la mwisho lilikuwa mawimbi. Skrini ya kijivu tuliichora kwenye 77T kwa nukta za mistari 55 kwa inchi, na juu ya theluji yakatokea mawimbi kama ya pazia mbili zilizopishana. Nukta na nyuzi za meshi zilikuwa zinagombana. 77T ni kama nyuzi 195 kwa inchi, na ukigawa kwa 55 unapata 3.5. Tulipohamia 120T, karibu nyuzi 305, hesabu ikawa 5.5, na pembe ya nukta tukaiweka digrii 22.5 kwa rangi zote. Mawimbi yakaisha. Kwangu mimi chini ya 4 sijaribu tena.

Kupanga rangi tano kulichukua dakika 22. Fulana 640 ziliondoka jana saa kumi jioni. Leo nimeziona mbili barabarani, na theluji inafifia inavyotakiwa.

12 Aprili 2025: Masika

Mvua zimeanza na kila kitu tulichokuwa tumekituliza kimeamka. Wino ukigusa emulsheni unatoa vimizizi pembeni. Ni dalili kwamba emulsheni haijakauka. Kipimo cha unyevu kilisoma asilimia 48, kwa hiyo nikasema imekauka. Baba mdogo aligusa skrini kwa nyuma ya kiganja akasema, "Hii bado mbichi, mwanangu." Nikakiamini kipimo. Skrini tisa zikaharibika kwa siku mbili.

Kipimo nilikuwa nimekitundika juu, karibu na balbu, penye hewa ya joto. Nilipokishusha hadi rafu za skrini kikasoma 71. Nilimwomba baba mdogo radhi mbele ya wenzetu, maana nilikuwa nimembishia mbele yao.

Chumba cha kukaushia tulikijenga mara mbili. Mara ya kwanza tuliziba kona kwa bodi za jipsamu na kuweka hita na feni. Kikawa na joto, lakini maji hayakuwa na pa kwenda, yakazunguka humo humo. Kilichotibu ni mashine ya kunyonya unyevu. Wiki ya kwanza tulimwaga karibu lita sita kila asubuhi. Sasa tunashikilia asilimia 40 na joto lisilozidi digrii 35, na skrini inakauka kwa saa mbili. Tuna vipimo vitatu: juu, katikati, chini. Chumba chote ni 2,310,000. CTS yenyewe haikai humo. Tumeiacha chumba cha nje chenye asilimia 50 hivi, kwa sababu hewa kavu mno hukausha matundu ya kichwa.

21 Juni 2025: Pesa

Mashine, usafiri na fundi ni 18,420,000. Vingine vyote, yaani printa iliyokufa, fremu mbovu na nzuri, kipimo cha mkazo, UPS na stabilaiza, usafishaji wa kichwa, vizuizi, beringi na chumba cha kukaushia, ni 8,318,000. Jumla 26,738,000. Nilipokwenda SACCOS nilikuwa nimeandika milioni 20.

Karatasi na tona zilikuwa zinakula kama 310,000 kwa mwezi. Wino na kimiminika sasa ni kama 140,000, ila emulsheni ni ghali zaidi, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Rejesho la mkopo ni 580,000 kila mwezi. Anayekuambia mashine inajilipa kwa kuokoa filamu hajakaa nayo. Inayotulipia ni muda wa meza: Mei tulichoma skrini 212, tukarudia tano, na kwa mara ya kwanza tulipokea kazi za Mei Mosi bila kukataa mteja. Kama unachoma skrini mbili tatu kwa siku, rangi moja moja, mimi ningekushauri ununue printa ya wino yenye filamu nzuri, fremu za aluminiamu na kipimo cha mkazo kwanza, mashine ibaki baadaye.

Kilichobaki: kifuniko cha kichwa kimeanza kulegea na tumeagiza kingine. Meshi ya njano ya fremu mbili imefika. Baba mdogo ameanza kumfundisha binti yetu wa mapokezi kupaka emulsheni, jioni baada ya kufunga, na juzi alimpa fremu ya 120T ya kwake peke yake. Iko chumbani, rafu ya chini, inakauka.